Kutembea na Mbwa Wakati wa Baridi

*Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima, limechapwa kama lilivyosomwa*

Kila mmoja awe na daftari na kalamu yake. Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni maneno haya matano: baridi, mbwa, mate, jeraha, chanjo. Yasomeni pamoja, polepole. Yasomeni mara ya pili. Vema. Maneno hayo matano ndiyo somo letu la leo.

Baridi ya milimani

Wewe ukaaye Lushoto huhitaji kuambiwa baridi ni nini. Tangu Juni hata Agosti ukungu hulala juu ya Magamba mpaka jua lipande. Watoto huenda shule na masweta, na wazee hujifunika mablanketi barazani. Usiku joto laweza kushuka hata nyuzi 10. Lakini siku hiyo hiyo ukipanda basi kwenda Mombo, sweta utalivua kabla ya kushuka garini. Kwa nini?

Sababu yake ni mwinuko. Mji wa Lushoto uko kiasi cha mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Mombo iko chini, karibu mita 1,000 chini ya Lushoto. Hewa ikipanda hutanuka, na ikitanuka hupoa. Kwa kawaida, kila ukipanda mita 100, joto hupungua kwa zaidi kidogo ya nusu ya nyuzi moja. Basi ukipanda mita 1,000, joto hupungua kama nyuzi 6. Andika hesabu hiyo katika daftari lako.

Baridi ina uzuri wake. Huwakusanya jamaa pamoja. Jioni baba, mama na watoto hukaa mekoni, wakachoma mahindi, wakanywa chai ya tangawizi, na bibi akatoa hadithi. Lakini mtu akikaa motoni mchana kutwa, viungo hukakamaa na mwili huwa mzito. Kwa hiyo yafaa kutoka na kutembea.

Matembezi ya Jumapili

Nyumbani kwetu tunayo desturi moja. Jumapili mchana, ukungu ukiisha kuondoka, twatoka kutembea njia ya Irente: mimi, mke wangu, watoto wetu wawili na mbwa wetu, Tomi. Huko Irente mlima umekatika ghafula. Ukisimama mbali kidogo na ukingo waweza kuona chini Mazinde na mashamba yake ya mkonge, na tambarare inayokwenda mpaka macho yashindwe. Juu twatetemeka, chini kule twaona nchi inawaka jua.

Huenda utasema, "Kutembea na mbwa ni mambo ya wageni. Mbwa wetu ni wa kulinda tu." Lakini kumbuka masimulizi ya Wasambaa wenyewe. Wazee husimulia kwamba Mbegha, aliyeanzisha utawala wa Wakilindi huko Vugha, alikuja kutoka nchi ya Nguu akiwa mwindaji. Alifuatana na mbwa wake, akawaua nguruwe mwitu walioharibu mashamba, akawagawia watu nyama. Ndipo watu wakampenda, wakampa nchi. Basi mtu na mbwa wake katika njia za milima hii si jambo geni hata kidogo.

Ni kweli kwamba katika nyumba nyingi za Waislamu mbwa hakai ndani, naye hukaa nje kwa ajili ya ulinzi au uwindaji. Hiyo ni desturi ya kuheshimiwa. Lakini mbwa wa nje na mbwa wa ndani wote wahitaji chakula, maji, mahali pakavu pa kulala wakati wa baridi, na jambo moja kubwa kuliko hayo yote. Jambo hilo ndilo ninalotaka kukueleza.

Kwa nini Tomi hufungwa kamba

Jumapili moja binti yangu aliniuliza njiani, "Baba, Tomi ni mpole. Kwa nini wamfunga kamba?"

Nilimjibu kwamba mbwa asiyefungwa hufukuza kuku na mbuzi wa watu, na karibu na msitu huwafukuza mbega. Tena hukutana na mbwa wengine asiowajua. Kisha nikamweleza habari iliyotupata nilipokuwa darasa la tatu.

Nilikuwa na rafiki yangu, tulikuwa tukikaa dawati moja. Asubuhi moja ya baridi tulikuwa tukienda shule, akatokea mbwa kutoka shamba la mahindi. Hakubweka. Alimwuma rafiki yangu kisigino, akaenda zake. Jeraha lilikuwa dogo, kama la mwiba. Nyumbani walilifunga kwa kitambaa, wakaweka majani. Baada ya siku chache lilipona, nasi tukalisahau.

Yapata wiki sita baadaye rafiki yangu alishikwa na homa. Akasema kisigino kinamwasha, na jeraha lilikuwa limekwisha kupona. Kisha akashindwa kunywa maji. Akiletewa kikombe, koo lake lilijikaza naye akapiga kelele kwa hofu. Walimpeleka hospitali, lakini wakati ulikuwa umepita. Siku chache baadaye alikufa. Nilikaa peke yangu katika dawati lile mpaka mwisho wa mwaka.

Binti yangu alinyamaza muda mrefu. Kisha akaishika kamba ya Tomi kwa mikono miwili.

Ugonjwa huu ni nini?

Ugonjwa huo huitwa kichaa cha mbwa. Hauletwi na baridi wala joto, wala si uchawi. Huletwa na kidudu kidogo mno kiitwacho kirusi, ambacho jicho halikioni. Kirusi hicho hukaa katika mate ya mnyama mgonjwa. Mnyama akiuma, au mate yake yakiingia katika mchubuko, machoni au mdomoni, kirusi huingia mwilini. Katika kila watu 100 wanaokufa kwa ugonjwa huu duniani, 99 waliupata kwa mbwa.

Sasa sikiliza vizuri. Kirusi hakiendi kwa njia ya damu. Husafiri polepole katika mishipa ya fahamu mpaka kifike kwenye ubongo. Fikiri juu ya mtu anayepanda kwa miguu kutoka Mombo mpaka Lushoto, kona kwa kona, akipita Soni. Ndivyo kirusi kinavyosafiri. Safari yake mara nyingi huchukua mwezi mmoja hata mitatu, pengine siku chache tu, pengine mwaka. Chanjo ni kama basi. Ukiipata mapema, basi humpita yule mtu wa miguu, nao walinzi wakafika mjini kabla yake. Lakini msafiri yule akiisha kufika mjini, basi halina faida tena. Dalili zikianza kuonekana, karibu kila mgonjwa hufa, na dawa ya kumponya haijapatikana.

Hii ndiyo sababu jeraha dogo lililopona lilimwua rafiki yangu. Jeraha lilipona, lakini msafiri alikuwa njiani.

Ukiumwa na mbwa, fanya hivi

Kwanza, osha jeraha mara moja kwa maji mengi yanayotiririka na sabuni, muda wa dakika 15. Tazama saa, usikisie. Wewe wajua sufuria yenye mafuta haitakati kwa maji matupu, yataka sabuni. Kirusi hiki nacho kimejifunika utando wa mafuta. Sabuni huuvunja utando huo, kirusi kikafa.

Pili, usitie majivu, wala pilipili, wala mafuta ya taa. Usilifunge jeraha kwa kulibana.

Tatu, nenda hospitali siku ile ile, hata kama jeraha ni dogo, hata kama mbwa ni wako. Mganga atakuchoma sindano ya chanjo. Sindano si moja. Baada ya ile ya kwanza hufuata nyingine siku ya tatu, na nyingine siku ya saba, na zaidi kama mganga atakavyoagiza. Jeraha likiwa baya, atakupa na dawa nyingine pamoja na chanjo. Usiache katikati kwa kuwa wajiona mzima.

Nne, mpashe habari bwana mifugo. Kama mbwa aweza kufungwa bila hatari, afungwe na kuangaliwa siku 10. Akiwa bado mzima baada ya siku hizo, mate yake hayakuwa na kirusi siku alipouma. Lakini usingoje siku hizo ndipo uende hospitali. Nenda kwanza.

Utamjuaje mbwa mgonjwa? Tabia yake hubadilika. Mpole huwa mkali, na mkali pengine hupoa na kujificha gizani. Sauti yake hubadilika. Mate humtoka, taya hulegea, huuma hata mawe na vijiti. Ukimwona mbwa wa namna hiyo, kaa mbali, waite watoto waingie ndani, upeleke habari.

Kumkinga mbwa ni kumkinga mtoto

Chanjo ya mtu ilianza zamani. Tarehe 6 Julai 1885, mjini Paris, mtaalamu wa Ufaransa Louis Pasteur alisimamia kuchanjwa kwa mtoto wa miaka 9, Joseph Meister, aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa. Mtoto yule aliishi. Pasteur alifariki tarehe 28 Septemba 1895, na siku hiyo ya Septemba sasa ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani.

Lakini kumchanja mtu baada ya kuumwa ni sawa na kufukuza mwizi aliyekwisha kuingia ndani. Bora kufunga mlango, na mlango wenyewe ni kumchanja mbwa. Chanjo ya mbwa ni rahisi mno kuliko sindano za mtu mmoja. Katika kijiji, wakichanjwa mbwa 70 katika kila 100, ugonjwa hukosa njia ya kupita.

Tuna mfano hapa hapa kwetu. Kisiwani Pemba mbwa walichanjwa kwa wingi kuanzia mwaka 2010, na mwaka 2014 ugonjwa ukakoma. Kisha uchanjaji ukalegea, na mwaka 2016 ugonjwa ukarudi. Watu wakashika tena kazi, wakachanja, na mwaka 2018 ukakoma mara ya pili. Hapa twajifunza mambo mawili: kazi hii yawezekana, na kulegea kuna gharama.

Basi mpeleke mbwa wako kuchanjwa kila mwaka. Mpeleke na mtoto wa mbwa, usingoje akue. Mfunge kamba ili asipigane na wenzake foleni. Pengine utasema, "Kijiji changu kiko mbali, huko Mlalo au Mtae." Waulize viongozi wa kijiji siku ya chanjo, nawe waambie na jirani. Mbwa wako mmoja akichanjwa na wa jirani watano wasichanjwe, mlango bado u wazi.

Neno moja tena kwa ajili ya baridi. Watoto hupenda kulala na mbwa ili wapate joto. Usiwaache. Mbwa apitaye vichakani huleta viroboto. Wazee wa wilaya hii wanakumbuka tauni iliyoingia Lushoto mwaka 1980 na kurudi mara kwa mara kwa miaka mingi. Nayo huenezwa na viroboto. Mtengenezee mbwa banda lake, pakavu, lenye majani makavu, mbali na upepo.

Kazi ya mwanafunzi

Mbwa akichanjwa hupewa cheti, na juu ya cheti imeandikwa tarehe. Miaka mingi vyeti hivi vimekaa katika makabati bila kusomwa, kwa kuwa wenye nyumba hawakujua kusoma. Wewe sasa wajua. Leo ukirudi nyumbani kitafute cheti hicho. Soma tarehe. Kama mwaka umepita, au kama cheti hakipo, waambie jamaa zako usiku huu huu.

Andika katika daftari sentensi hizi, uzijaze:

Mbwa wetu alichanjwa tarehe ………

Atachanjwa tena tarehe ………

Kisha jadilianeni darasani maswali haya:

1. Kwa nini Lushoto ina baridi kuliko Mombo?
2. Kirusi cha kichaa cha mbwa hukaa wapi katika mnyama mgonjwa?
3. Kwa nini twatumia sabuni, wala si maji matupu?
4. Mtu ameumwa leo na mbwa wa jirani, na jeraha ni dogo. Mtamshauri nini?
5. Katika kijiji chenu mna mbwa wangapi? Wangapi wamechanjwa?

Jumapili ijayo, ukungu ukiondoka, toka na jamaa zako mtembee. Mchukueni na mbwa, akiwa na kamba yake shingoni na chanjo yake mwilini. Tukikutana njia ya Irente, tutaamkiana.

Kwaherini, ndugu wanafunzi, mpaka somo lijalo.