Kwa Nini Mwalimu Abaki Lupembe?

Kila tunapokaa na kamati za sharika kuzungumzia shule za Kanisa, maongezi huishia kwenye mabati, madawati na maabara. Walimu hutajwa mwishoni, kana kwamba wao watapatikana tu. Safari hii tunaomba tuanze na mwalimu.

Chukulia kijana mzaliwa wa Lindi, amemaliza chuo cha ualimu na kupata nafasi katika shule ya Kanisa huku Lupembe. Anashuka Makambako, kwenye njia panda ya barabara kuu ya Zambia na stesheni ya TAZARA, anapanda gari la Njombe, kama kilomita 60, kisha pale Kibena anageukia mashariki kuelekea kwenye mashamba ya chai. Akifika Juni au Julai atakuta baridi ambayo hakuwahi kuijua. Njiani watu wanasalimiana "Kamwene" na yeye hajui aitikie nini. Mshahara wake unategemea ada, na wazazi wengi hulipa ada wakishauza majani ya chai, mahindi au mbao. Malipo ya mazao yakichelewa, naye anasubiri.

Wakati huo huo serikali hutangaza ajira. Hatumlaumu anayeomba. Katika miaka ya mpango wa MMES, ulioanza 2004, sekondari za kata zilifunguliwa kwa wingi nchini, na mahitaji ya walimu yakapanda haraka kuliko vyuo vilivyoweza kuwatoa. Shule binafsi, za Kanisa zikiwemo, zilipoteza walimu, na ilikuwa vigumu zaidi kuziba pengo la hisabati na sayansi. Kisha tangu 2016 sekondari za serikali hazitozi ada hadi kidato cha nne, kwa hiyo mzazi anapima mara mbili kabla ya kutulipa sisi. Wanafunzi wakipungua, na fedha ya mishahara inapungua.

Lipo pia suala la uzeeni. Mwaka 2018 mifuko ya hifadhi ya jamii iliunganishwa: watumishi wa umma wakawekwa PSSSF, sekta binafsi NSSF. Mwalimu mpya wa shule ya Kanisa huandikishwa NSSF, na uandikishaji huo una maana endapo tu mwajiri anapeleka michango kila mwezi. Wajumbe wa bodi na kamati, ulizeni jambo hili kikaoni bila kuona haya.

Sasa, anayebaki anabakia nini? Katika nyanda hizi neno "mwalimu" lina historia yake. Wamisionari wa Berlin waliingia kusini mwa nchi mwaka 1891, na kabla ya karne kwisha walikuwa wamefika kwa Wabena. Kidugala palikuwa na shule ya kuwaandaa wasaidizi wa Kiafrika. Mwalimu wa kijiji alifundisha watoto kusoma siku za kazi, na Jumapili yeye ndiye aliyeongoza ibada. Vita Kuu ya Kwanza ilipowaondoa Wajerumani, kazi ya kila siku katika vijiji ilibaki mikononi mwa walimu hao kwa miaka kadhaa, hadi Berlin waliporudi katikati ya miaka ya 1920. Sharika nyingi za zamani zina deni kwao.

Halafu ikaja Sheria ya Elimu ya 1969, na shule za msingi za madhehebu zikachukuliwa na serikali. Watoto wengi walipata nafasi, na hilo tulishukuru. Lakini mwinjilisti na mwalimu wa shule wakawa watu wawili tofauti. Kwa maoni yetu hapo ndipo sharika zilipozoea kumwona mwalimu kama mwajiriwa wa mtu mwingine, na mazoea hayo tumeyabeba mpaka kwenye shule zetu wenyewe.

Kijana wetu wa Lindi hatuwezi kumshinda serikali kwa mshahara. Tunaweza kumpa nyumba isiyovuja, kipande cha bustani ya mboga na viazi, kuni kavu, na mzee wa kanisa anayemjua kwa jina. Akipenda kuimba, kwaya imkaribishe. Akiwa si Mlutheri, au akiwa Mwislamu, anahitaji jirani vilevile, na asilazimishwe kwaya.

Kwa marafiki wanaotuchangia: nyumba ya mwalimu haivutii kwenye picha kama maabara yenye kibao cha shukrani ukutani. Tunajua. Hata hivyo, maabara isiyo na mwalimu wa kemia ni chumba cha kufungwa kwa kufuli.

Kamati ambazo shule zake zinategemea walimu wapya Januari, teueni mtu mmoja wa kuwapokea kituoni. Watakaokuja katikati ya mwaka wapitishwe kwanza soko la Njombe, wakanunue sweta.