Maneno ya Marehemu Yasizikwe Naye

Mali bila daftari hupotea bila habari. Usemi huo wa wafanya biashara wafaa pia kwa mali ya maneno, ambayo watunzi wengi hufariki wakiwaachia jamaa zao pasipo maandishi.

Wakazi wa Chisenga na wa ufuko wa Ziwa Mweru, wilayani Nchelenge, nchini Zambia, wanao mfano wa karibu. Kusini mwao, huko Mwansabombwe, ndipo penye baraza la Mwata Kazembe, mfalme wa Walunda. Katika sikukuu ya Mutomboko, sifa za wafalme hughaniwa, na hupigwa pia kwa mondo, ngoma ya gogo yenye kusema. Lakini sifa hizo ni za Kiluba cha kale, na wenyeji wengi, ambao lugha yao ni Kibemba, huzisikia bila ya kuzielewa. Akifa ajuaye maana, hubaki sauti tupu.

Mwata Kazembe wa 14, Chinyanta Nankula, alihakikisha kwamba habari za ukoo wake zimeandikwa kwa Kibemba. Padre Labrecque alisaidia kuzitengeneza. Mwata alifariki mwaka 1950, na kitabu chake, Ifikolwe Fyandi na Bantu Bandi, yaani Wahenga Wangu na Watu Wangu, kilitoka mwaka 1951. Mwenyewe hakukiona, lakini wajukuu wanakisoma. Mwaka 1962 Jacques Chiwale naye alitoa sifa zenyewe pamoja na maana yake, kwa njia ya Taasisi ya Rhodes-Livingstone. Nako Uganda, majigambo ya Wahima, wafugaji wa ng'ombe wa Ankole, yalitolewa kitabu na H. F. Morris mwaka 1964.

Nyumba iliyofiwa na mtunzi yafaa ifuate njia hiyo. Kwanza, warithi na wazee wakubaliane, maana tungo ni mali ya ukoo. Pili, maneno yaandikwe kama yalivyotamkwa, na kando yake maana, jina la mtunzi, na sababu ya kutungwa. Tatu, ifanywe nakala. Daftari la pekee lisitumwe kamwe. Mwisho, mchapaji apelekewe barua fupi na kurasa chache zilizo bora, akielezwa ni wasomaji gani watakaokitaka kitabu hicho.

Kazi hiyo haihitaji fedha nyingi. Mtoto ajuaye kuandika aketi jioni na mzee ajuaye maana, maadamu mzee huyo yu hai.