Njia ya Sokoni: Safari za Miguu za Milimani, kutoka Guatemala hadi Usambara, na Nafasi ya Mkuyuni

Mtu aliyekulia Mkuyuni, Mwanza, kisha maisha yakampeleka Minneapolis au Reading, hushangaa anapomsikia mfanyakazi mwenzake akisimulia likizo yake. Mwenzake amepanda ndege hadi Guatemala, amemlipa kijana wa huko amwongoze kwa miguu milimani siku tatu, amekatiza mashamba ya mahindi ya Wamaya, amelala sakafuni kwa wenyeji, na mwisho wa yote akatokea sokoni, penye nyanya, kuku na vitambaa. Anasema hajawahi kupata likizo nzuri kama hiyo. Huko Mkuyuni, kuteremka kilimani kwenda sokoni ni kazi ya asubuhi ambayo mtoto hutumwa na mama yake, na akichelewa anagombezwa.

Mshangao huo unastahili maelezo. Safari hizi za miguu zina historia, zina sababu za kufanyika pale zinapofanyika, na Tanzania inazo kwa zaidi ya robo karne sasa. Wengi wa ndugu zetu walioko nje hawazijui, hata wale wanaorudi nyumbani kila baada ya miaka miwili na watoto waliozaliwa ughaibuni.

Tuanze na Guatemala yenyewe. Nyanda za juu za magharibi mwa nchi hiyo ni makao ya Wamaya wa makundi mengi, wakiwemo Wak'iche' na Wakaqchikel. Njia mojawapo inayopendwa sana na wageni hutoka mji wa Quetzaltenango hadi ziwa Atitlán, ziwa lililozungukwa na volkano. Tangu mwaka 1995 shirika la kujitolea la Quetzaltrekkers limekuwa likiwapeleka wageni njia hiyo na kutumia mapato kusaidia watoto wa familia maskini wa mji huo kupata shule. Masoko ya eneo hilo yana siku zake: Chichicastenango ni Alhamisi na Jumapili, Sololá, juu ya ziwa, ni Jumanne na Ijumaa. Mwongoza wageni mzuri huanza kwa kuhesabu kurudi nyuma kutoka siku ya soko, ndipo apange wapi watalala na wapi watakula.

Hapo ndipo ulipo msingi wa jambo zima. Soko ndilo lililotangulia. Njia ilichongwa na nyayo za watu wenye mizigo mgongoni, wakipita mahali ambapo mto unavukika na mteremko unashikika. Mgeni analipa ili apite njia ambayo ilikuwapo tayari, siku ambayo ilikuwa imepangwa tayari.

Hapa kwetu mfano ulio karibu zaidi uko Usambara Magharibi, mkoani Tanga. Msafiri hushuka Mombo, kwenye joto la tambarare, mji ambao reli ya Wajerumani kutoka Tanga iliufikia mwaka 1905. Kutoka hapo barabara ya kona nyingi hupanda kilomita zaidi ya thelathini, ikipita Soni penye maporomoko ya maji, hadi Lushoto, mji ambao Wajerumani waliuita Wilhelmstal. Lushoto iko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Kwa mtu wa Mwanza huo si urefu wa kutisha, maana uso wa Ziwa Victoria wenyewe uko mita 1,134. Anayehema ni yule aliyetoka Tanga mjini au Dar es Salaam.

Kutoka Lushoto, njia iliyozoeleka huingia msitu wa Magamba, wenye mbega na miti iliyofunikwa kuvumwani, kisha hutokea Lukozi, hupita Rangwi ambako masista hupokea wageni kulala, na kumalizikia Mtae. Mtae ni kijiji kilichokaa ukingoni kabisa mwa milima. Ukisimama pale, ardhi inakatika ghafla mbele ya miguu yako, na chini kabisa inaonekana nyika ya Mkomazi ikienda hadi Kenya. Wengi hutumia siku tatu hadi tano. Njiani mgeni hatembei peke yake hata saa moja: kuna wanafunzi waendao shule, kuna wazee wenye majembe, na siku ya soko kuna msururu wa kina mama wenye matenga ya kabichi, karoti, viazi, mapeasi na ndizi.

Kwa nini masoko yawe mengi kiasi hicho mlimani? Mwanahistoria Steven Feierman, katika kitabu chake The Shambaa Kingdom cha mwaka 1974, alieleza jinsi Wasambaa walivyoitazama nchi yao kwa sehemu mbili: mlimani, penye mvua, baridi na migomba, na nyikani, penye joto, ukame na maradhi. Mavuno ya huku na ya kule hayafanani, wala hayaivi wakati mmoja. Familia ya mlimani ilihitaji kilichotoka nyikani, na ya nyikani ilihitaji cha mlimani, hasa mwaka wa njaa. Soko lilikaa palipokutana mahitaji hayo mawili. Siku zake zikapishanishwa kijiji kwa kijiji ili mchuuzi mmoja aweze kuzunguka, leo hapa, kesho kutwa kule. Utaratibu huo bado uko hai, ingawa sasa mboga nyingi hupakiwa kwenye malori usiku kwenda Dar es Salaam, na mkulima bado anapambana na rumbesa, gunia lililojazwa kupita kiasi ambalo hulipwa kama gunia la kawaida.

Mwongoza wageni anayeijua kazi yake atasimama pia kwenye mteremko wowote wa Mlalo na kuonyesha matuta. Mwaka 1946 serikali ya kikoloni ya Kiingereza ilianzisha huko mpango wa kuzuia mmomonyoko, ikawalazimisha wakulima kulima kwa matuta kwa nguvu za sheria na faini. Kazi kubwa ya jembe ilikuwa ya wanawake. Watu walikataa, upinzani ukaungana na siasa za kudai uhuru, na mwishoni mwa miaka ya 1950 mpango ukaachwa. Miaka ya 1980 mradi mwingine, uliojulikana kwa kifupi kama SECAP na kusaidiwa na Ujerumani, ulikuja kwa njia tofauti: wakulima walipanda mistari ya nyasi na miti kukingama mteremko, na nyasi hizo zikawa pia chakula cha ng'ombe wa zizini. Nyasi zilizosambazwa sana zinaitwa majani ya Guatemala, nazo asili yake ni Amerika ya Kati. Kwa hiyo anayepanda Usambara leo anakanyaga kandokando ya mmea uleule unaoota kwao Wamaya.

Uhusiano hauishii kwenye nyasi. Mahindi yalianza kulimwa kusini mwa Mexico yapata miaka 9,000 iliyopita, na yakafika Afrika Mashariki baada ya Wareno kuingia Bahari ya Hindi. Maharage, parachichi na pilipili navyo vina chimbuko Amerika. Mtu akisimama mbele ya meza ya muuza vyakula sokoni Mkuyuni, anaangalia kazi ya mikono ya wakulima ambao wazao wao bado wako Chichicastenango wakiuza vilevile.

Safari za namna hii zilipangwa rasmi nchini katikati ya miaka ya 1990. Shirika la maendeleo la Uholanzi, SNV, kwa kushirikiana na Bodi ya Utalii Tanzania, lilianzisha mpango wa utalii wa utamaduni. Fikra yake ilikuwa rahisi kueleweka: wageni walikuwa wakitoka uwanja wa ndege moja kwa moja kwenda kuangalia simba, na vijiji vilivyo kandokando ya barabara havikupata chochote isipokuwa vumbi. Mpango ukawakusanya vijana wa vijiji, ukawafundisha kuongoza wageni, na ukaweka bei iliyoandikwa wazi yenye mafungu: ya mwongoza wageni, ya chakula, ya ofisi, na fungu la maendeleo ya kijiji. Lushoto ilikuwa miongoni mwa vituo vya mwanzo, pamoja na Longido, Ng'iresi na Mulala kwenye mteremko wa Meru, Mto wa Mbu, Mbaga katika milima ya Upare, na vingine. Ng'iresi fungu la kijiji lilikwenda kwenye shule ya msingi, Longido kwenye josho la mifugo. Mulala wageni huoneshwa jibini inayotengenezwa na kikundi cha kina mama. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Waholanzi walijitoa, na kazi ikabaki mikononi mwa Watanzania.

Fungu hilo la kijiji ndilo linalotofautisha safari ya heshima na ya kunyonya. Pale ambapo dereva kutoka mjini anawashusha wageni sokoni dakika ishirini wapige picha na kuondoka, mama mwenye tenga la karoti anabaki na karoti zake na sura yake imekwenda Ulaya bila ruhusa. Pale ambapo mwongoza wageni ni mtoto wa kijiji, atamsalimu mama huyo kwanza, atamtambulisha mgeni, na mgeni ataona aibu kuondoka bila kununua. Tofauti ya matokeo ni kubwa, na gharama yake ni ndogo mno.

Sasa turudi Mkuyuni. Kata hii ya wilaya ya Nyamagana imekaa kati ya mji na Nyegezi, kwenye barabara kuu iendayo Shinyanga, ziwa upande mmoja na vilima vya mawe upande mwingine. Mawe hayo ya granaiti yana umri wa zaidi ya miaka bilioni mbili, na watu wamejenga juu yake na katikati yake kama walivyojenga Igogo, Mabatini na Bugando, nyumba juu ya nyumba, zikiunganishwa na vijia na ngazi za mawe ambazo gari haliwezi kupita. Kila kinacholiwa huko juu hupandishwa kwa miguu. Sokoni chini kuna sato na dagaa wa ziwani, machungwa ya Ukerewe, mananasi ya Sengerema, na vyakula vya Kisukuma ambavyo mgeni hawezi kuviona kwenye hoteli yoyote: michembe na matobolwa, viazi vitamu vilivyokaushwa kwa namna mbili kungojea miezi ya upungufu. Namna hizo mbili za kukausha peke yake zinatosha maelezo ya saa nzima kutoka kwa bibi anayezijua.

Wageni wengi wanaofika Mwanza hupita tu. Wanaelekea Serengeti, au kisiwa cha Rubondo, au wanavuka kwenda Saanane, iliyotangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2013, na kurudi mchana. Wachache hufika Bujora, karibu na Kisesa, kwenye makumbusho ya Wasukuma yaliyoanzishwa na Padri David Clement kutoka Kanada, na wenye bahati hukuta ngoma za Bulabo mwezi Juni, wafuasi wa vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu wakishindana. Hayo yote ni mazuri. Lakini mji wenye vilima, ziwa na masoko ndani ya mwendo wa saa moja kwa miguu unastahili zaidi ya kuonekana kwa dirisha la gari.

Mkuyuni haihitaji kujifanya kijiji cha milimani ili ipokee wageni. Kilichofanya Usambara ifanikiwe kinaweza kupatikana hata kwenye mtaa wa mjini: vijana wanaojua njia na wenye leseni ya kazi hiyo kama Sheria ya Utalii ya mwaka 2008 inavyotaka, bei iliyoandikwa, fungu linalokwenda kwenye jambo ambalo mtaa wote unaliona, na wachuuzi waliokubali mapema kwamba wageni watapita. Bila hilo la mwisho, mengine yote hayana maana. Soko ni mahali pa kazi, na mtu hapaswi kuingiliwa kazini kwake bila kuulizwa.

Ndugu walioko nje wana nafasi ambayo kampuni za utalii hazina. Wao wanakuja na wageni wao wenyewe: mke au mume wa kigeni, wakwe, watoto wasiojua Kisukuma, rafiki wa chuo. Wanawajua wenyeji kwa majina. Wanaweza kumpigia mwenyekiti wa serikali ya mtaa simu wakiwa bado Columbus na kumwuliza ni kijana gani anayeweza kuwazungusha.

Kwa hiyo, msomaji, kama unakuja nyumbani Desemba hii na wageni, tenga asubuhi moja. Wafundishe kusema mwangaluka, salamu ya asubuhi ya Kisukuma, kabla hawajatoka ndani. Wavae viatu vinavyoshika jiwe, maana granaiti iliyolowa huteleza. Mlipe kijana anayewaongoza malipo ya kutwa nzima, hata kama mmetembea saa tatu, na mwulize mtaa una uhitaji gani kabla ya kuamua mchango wenu uende wapi. Bebeni noti ndogondogo na kikapu. Kamera ibaki mfukoni hadi muulize na mkubaliwe. Mkifika sokoni, mwache mgeni aulize bei mwenyewe na anunue mwenyewe, na jioni mle alichonunua.