MEZA INA KIMA CHA CHINI, MSHAHARA JE?



Mwishoni mwa Novemba wafanyakazi kumi wa idara ya kufungasha katika kiwanda kimoja cha Kampala walifika kwenye ofisi ya tawi wakiwa na jambo la kuamuliwa. Halikuwa la kufukuzwa kazi wala la saa za ziada. Malimbikizo yao ya miezi mitatu, ambayo tawi lilikuwa likiyadai tangu mapatano ya pamoja yatiwe sahihi, yalikuwa yamelipwa siku ile, nao walitaka kusherehekea pamoja. Nusu yao walitaka kwenda klabu ya usiku na kuchukua meza ya chupa. Nusu walisema huo ni wizi wa mchana unaofanywa usiku, afadhali kila mtu asimame kaunta anunue anachokunywa. Walituomba tuwaamue.

Tulicheka. Lakini mmoja wao hakucheka. Mwaka uliotangulia alikuwa ameketi kwenye meza kama hiyo na marafiki wanane. Chupa ya kwanza ilikuwa ya mchango. Ya pili ililetwa na mtu asiyejulikana aliyeiagiza, ikiwa na fataki na makofi. Bili ilipofika, marafiki walikuwa wameondoka mmoja mmoja, wa mwisho akisema anaenda msalani. Ndugu huyo aliacha simu na kitambulisho kama rehani, kisha akavikomboa kwa fedha za ada. Mtoto wake alirudi shuleni juma la tatu la muhula.

Kwa hiyo tuliliona kuwa ni jambo la chama. Fedha iliyopatikana kwa kudai pamoja inastahili kutumiwa kwa kufikiri pamoja. Wawili wetu walikwenda klabuni jioni moja kabla ya watu kuingia, wakauliza bei na kuzungumza na mhudumu mmoja aliyekuwa akipanga glasi. Haya ndiyo tuliyoyapata.

KINACHOUZWA NI NINI

Meza ya chupa ni utaratibu huu: ukitaka kuketi, hununui glasi bali chupa nzima. Unapewa kochi, barafu, glasi na mtu wa kuwahudumia. Klabu nyingi huwasha fataki juu ya chupa na kuipitisha katikati ya watu ili kila mmoja aone inakoelekea.

Mtindo huu ulikuwako katika klabu za Paris, ukashika New York katika miaka ya 1990, kisha ukaenea Miami, Las Vegas na dunia nzima. Mwaka 2020 mwanasosholojia wa Marekani, Ashley Mears, ambaye zamani alikuwa mwanamitindo, alitoa kitabu juu ya klabu hizo baada ya kukaa humo usiku mwingi akichunguza. Alieleza kuwa wako mawakala wanaolipwa na klabu kuleta wasichana warembo wa kupamba meza za matajiri. Wakala analipwa, klabu inapata, lakini wasichana wenyewe hawalipwi mshahara. Wanapewa chakula na kinywaji cha bure. Mfanyakazi yeyote atautambua mpango huo bila kufasiriwa: wako wanaozalisha faida, na wako wanaoipokea.

Hapo ndipo tulipoelewa kwamba kinywaji ni sehemu ndogo ya kinachouzwa. Kinachouzwa hasa ni nafasi ya kuketi pamoja na macho ya watu. Nafasi ya kuketi ina manufaa. Macho ya watu hayabebeki kwenda nayo nyumbani.

HESABU YENYEWE

Bei tunazotaja ni za mfano tu. Ninyi wekeni za mahali penu, maana katika miji midogo huwa chini, lakini njia ya hesabu ni ileile.

Tuseme chupa ya whisky ya mililita 750 inauzwa dukani shilingi 120,000 na klabuni shilingi 350,000. Ukipima toti ya mililita 30, chupa hiyo ina toti 25. Toti moja ya mezani basi ni shilingi 14,000, na ya dukani ni 4,800. Kaunta toti ni 15,000. Soda klabuni ni 5,000. Kiingilio mlangoni ni 20,000, lakini wanaochukua meza hawakilipi. Meza huongezewa asilimia 10 ya huduma.

Katika wale kumi, saba wanakunywa pombe na watatu hawanywi. Wakisimama kaunta, viingilio ni 200,000. Saba wakinywa toti mbili kila mmoja, hizo ni toti 14, yaani 210,000. Soda saba za kuchanganyia na sita za wale watatu ni 65,000. Jumla ni 475,000.

Wakichukua meza na chupa moja, chupa ni 350,000 na soda zilezile 65,000, jumla 415,000. Ongeza asilimia 10 ya huduma, yaani 41,500. Bili ni 456,500.

Tuliirudia hesabu hiyo mara mbili, kwa sababu wengi wetu tulikuwa tumekwisha kuamua moyoni kwamba meza ni ujinga. Kumbe kwa watu kumi meza ilikuwa nafuu kwa shilingi 18,500, tena yenye kinywaji zaidi na mahali pa kuketi. Kwa watu wanne mambo hugeuka. Viingilio vinavyosamehewa ni 80,000 tu, na bei ya chupa haipungui hata senti.

Ndipo mhudumu akatuuliza, "Mnakuja Ijumaa au Jumamosi?"

Jumamosi, alisema, meza ina kima cha chini. Huwezi kuketi bila kutumia 700,000 kwa chupa peke yake, yaani chupa mbili, mtake msitake. Weka soda, weka huduma, bili inafika 841,500. Kila mtu atoe 84,150 badala ya 47,500 ya kaunta. Ijumaa chupa moja inatosha.

KIPIMO CHETU

Shilingi peke yake hudanganya jicho. Tuchukue mfanyakazi anayepata 300,000 kwa mwezi wa siku 26 za kazi. Siku yake moja ni kama 11,500. Kaunta ni jasho la siku nne na kidogo. Meza ya Jumamosi ni jasho la siku saba na zaidi: zaidi ya juma zima la kusimama kwenye mashine kwa ajili ya saa nne za kuketi. Mkata miwa wa Kakira au Lugazi na apime kwa siku zake, na mchuma chai anayelipwa kwa kilo apime kwa kilo. Ukisema "elfu themanini" utaona ni noti chache. Ukihesabu vikapu vya majani, mgongo wako utakujibu.

Na kuna jambo jingine lililotukaa kooni. Klabu imeweka kima cha chini cha meza, na hakuna anayeweza kukivunja. Baunsa yuko pale kukilinda. Kima cha chini cha mshahara katika Uganda kilitangazwa mwaka 1984: shilingi 6,000 kwa mwezi. Mwaka 2019 Bunge lilipitisha muswada wa kuweka utaratibu mpya, lakini Rais hakuutia sahihi. Kwa bei za mfano wetu, shilingi 6,000 ni soda moja ya klabuni na chenji ya elfu moja. Meza ya mtu inalindwa kuliko jasho la mtu. Hatusemi haya ili tuharibu sherehe ya yeyote. Twasema ili anayeketi kwenye meza hiyo ajue ameketi juu ya nini.

FAIDA ZAKE NA HASARA ZAKE

Tusimwonee mwenye kupenda meza. Kina dada katika kundi lile walisema jambo ambalo wanaume hatukulifikiria. Mkoba unakaa mahali panapoonekana, glasi yako haiachwi kaunta mikononi mwa mtu usiyemjua, na kundi halitawanyiki. Jingine ni kwamba chupa hufunguliwa mbele yenu. Hili si dogo katika nchi yetu. Mwaka 2010 makumi ya watu walikufa katika wilaya ya Kabale kwa kunywa waragi iliyotiwa methanoli. Tazameni kizibo kabla hakijavunjwa. Kikiwa kimekwisha kufunguliwa, rudisheni chupa.

Hasara kubwa haimo katika chupa ya kwanza. Imo katika ya pili. Ya kwanza mmeihesabu mkiwa na akili timamu; ya pili huagizwa na chupa ya kwanza. Tena chupa ikiwa mezani, mtu hunywa kwa sababu imelipiwa. Aliyekusudia toti mbili hufika ya nne ili fedha isipotee, na asubuhi hupoteza siku ya kazi juu yake.

NA ANAYEIBEBA CHUPA?

Mhudumu yule ni mfanyakazi mwenzetu. Tulimwuliza kama ile asilimia 10 ya huduma inamfikia. Alisema huja mwezi mmoja, mwezi mwingine haiji, na hajawahi kuonyeshwa hesabu. Glasi ikivunjika hukatwa yeye. Mteja akitoroka bila kulipa hukatwa yeye. Hapo tulimtazama yule ndugu yetu wa ada, tukafahamu kuwa wale wanane waliotoroka walimwachia yeye mzigo, na kama naye angetoroka, ungemwangukia mtu kama huyu.

Klabu za usiku nchini zilifungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, zikafunguliwa tena Januari 2022. Karibu miaka miwili. Mhudumu huyo aliishi kwa kuuza nyanya kando ya barabara, bila barua ya kusimamishwa wala posho. Hakuwa na chama cha kumwulizia. Anayekwenda kustarehe kwa fedha iliyopatikana kwa nguvu ya chama asipige vidole kumwita mtu wa namna hiyo. Amwite ndugu au dada, akitaka kumpa chochote ampe mkononi, na akipata nafasi amwulize kama amewahi kusikia habari za kuandikishwa.

UAMUZI

Hatukuwaamulia. Tuliweka hesabu mezani, nao wakapiga kura. Walichagua Ijumaa, meza moja, chupa moja. Wasiokunywa walitoa 25,000 kila mmoja badala ya 30,000 ambayo kaunta ingewagharimu. Saba walitoa 54,500 kila mmoja badala ya 55,000. Jumla ilikuwa 456,500 kamili. Nauli ya boda-boda ya kurudi ilitengwa kabla, na ada za Februari ziliachwa nyumbani.

Kabla ya kuketi waliomba jumla iandikwe kwenye karatasi, pamoja na huduma. Fedha yote ilishikwa na mtu mmoja asiyekunywa, naye akatangaza mbele ya mhudumu kuwa hakuna chupa itakayofunguliwa bila neno lake. Mtu huyo ni yule yule ndugu aliyeacha simu yake rehani. Tangu usiku ule wa mwaka jana hajaonja pombe, na kumi wote walimchagua bila kupingwa.

Tunasikia kwamba saa saba ya usiku mtu wa meza ya jirani aliwapelekea salamu, akiuliza kama chupa moja ndiyo yote. Mtunza fedha alijibu kuwa ndiyo, imetosha. Walicheza hadi saa tisa, wakalipa, wakahesabiana mlangoni, wakawa kumi.

Basi ndugu, je, chupa ya mezani ina thamani yake? Ina thamani mkiwa wengi, siku isiyo na kima cha chini, kwa chupa moja iliyohesabiwa kabla na kulipwa na wote. Haina thamani kwa mtu mmoja anayetaka kutazamwa, wala kwa fedha yenye kazi nyingine. Na siku mtakayokuwa mmeketi hapo, mkiona jinsi klabu inavyokilinda kima chake, mjiulize ni lini nasi tutalinda cha kwetu vivyo hivyo.

Mkutano wa tawi ni Jumapili ya kwanza ya mwezi. Kiingilio ni bure, na viti vipo.