Viti 14 ao 18? Ugomvi wa wenye mabasi madogo, na mahali pa magoti yetu



Siku ya posho moja tulikutana nyumbani kwa mwenzetu hapa kartie Lumumba. Tulikuwa watu tisa, wote tumemaliza masomo, na wachache tu kati yetu wako na kazi. Kwa miaka mitatu tumekuwa tukiweka feza kidogo kidogo. Ilianza kama likelemba, kisha tukasema tusigawanye tena, tununue gari moja, basi ndogo ya abiria, ifanye njia ya Bunia na Mahagi. Nilifikiri kikao kitakuwa juu ya bei. Hapana! Saa tatu nzima tuligombana juu ya viti: viwe vingapi, vikae namna gani, mlango uwe upande gani. Tuliachana bila kupatana, na wawili hawakuagana.

Wiki mbili zilizofuata nilizunguka kwa wenye magari, kwa mashofere na kwa mafundi wanaochoma vyuma, ili nirudi kwenye kikao na maneno yenye maana. Naandika hapa niliyopata, kwa sababu najua si sisi tu: vijana wengi wanaotoka masomoni wanawaza biashara ya gari. Na hata asiyewaza kununua, anapanda.

1. Gari yenyewe imetoka wapi

Gari nyingi tunazoita Hiace hapa kwetu zilitengenezwa Japani kwa kubeba mizigo, si watu. Toyota ilitoa Hiace ya kwanza mwaka 1967. Ile tunayoizoea njiani leo ni ya muundo uliotoka 2004, nao una umbo mbili. Ile nyembamba ya kawaida ina urefu wa mita 4.695 na upana wa mita 1.695. Ile pana ina upana wa mita 1.88, na urefu wake unafika mita 5.38.

Angalia vizuri namba za ile nyembamba. Kule Japani, gari inahesabiwa katika daraja la gari ndogo ikiwa urefu haupiti mita 4.70 na upana haupiti mita 1.70. Basi waliichora ikabaki milimeta tano chini ya mpaka, kwa urefu na kwa upana. Ni hesabu ya karatasi za Japani, lakini inabana mabega yetu njia ya Mahagi.

Ndani, toka ukuta mpaka ukuta, kunabaki karibu mita 1.52. Weka watu wanne kwa mstari mmoja: kila mmoja anapata sentimeta 38. Chukua metre ya fundi cherehani, jipime mabega, utaona. Weka watatu, kila mmoja sentimeta 40, na kunabaki sentimeta 32 za kupita. Ugomvi wote uko hapo: hizo sentimeta 32 ni za nani?

2. Wenye gari wanasema nini

Gari ya mizigo inafika na viti vya mbele. Nyuma mara nyingi ni sakafu tupu ao kiti kimoja kirefu cha kukunja. Vingine vyote vinawekwa na fundi, kama mwenye gari anavyotaka. Mbele wanakaa abiria wawili pembeni ya shofere. Nyuma inaingia mistari minne. Ukiweka watatu kila mstari, unapata 12, na wale wawili wa mbele, 14. Ukiongeza kiti cha kukunja katikati ya kila mstari, unafika 18.

Kundi la kwanza ni la 18. Mzee mmoja aliniambia bila kuficha: "Mwanangu, njia ni mbaya, tairi inakufa kila mwezi, na kwa barieri banaomba. Nikiweka 14, miye nitakula nini?" Hesabu yake si ya bure. Watu wanne juu ya 14 ni karibu asilimia 29 ya mapato zaidi kwa safari, na mafuta hayaongezeki kwa kiasi hicho.

Kundi la pili ni la 14, njia ya katikati ibaki wazi. Mama mmoja mwenye gari mbili, aliyeanza kwa kuuza samaki wa Kasenyi, alinieleza hivi: viti vya kukunja vikiwa na watu, mtu wa nyuma hawezi kushuka mpaka wote walio mbele yake katikati wasimame na viti vikunjwe. Sasa fikiri barabara ya taifa namba 27, na barieri ambazo abiria wote wanashuka, wanapita kwa mguu na karte mkononi, kisha wanapanda tena. Kila barieri ni viti vinne kukunjwa na kukunjuliwa. "Yangu inawahi kufika," alisema, "njo maana batu banaingoja."

Kuna pia uzito. Hiace nyingi za mizigo za namna hii zimeandikwa kubeba kama kilo 1,000. Abiria 14 wa kilo 65 ni kilo 910. Abiria 18 ni kilo 1,170, na hapo hujaweka shofere, kijana wa mlangoni wala magunia yaliyofungwa juu. Mzigo wa juu unapandisha uzito wa gari, na kwenye kona gari inainama zaidi. Mama yule hajasoma fizikia, lakini anajua ni mara ngapi alibadilisha resoli.

Kundi la tatu linataka viti virefu viwili kandokando ya kuta, watu waangaliane, katikati wazi kwa mizigo. Hawa ni watu wa masoko. Kwao gunia na bidoni zinalipa, tena hazilalamiki. Lakini mtu aliyekaa ubavu, gari ikifunga frein ghafla, hana kitu cha kumshika isipokuwa jirani yake.

Nilipowauliza mashofere, walinicheka. Mmoja akasema viti si kitu. Kitu ni verseman, ile feza ya kila siku ambayo shofere lazima amletee mwenye gari. Kama verseman imehesabiwa juu ya watu 18, unaweza kuweka viti 14 vizuri namna gani, yeye atajaza 18 tu, wengine wakae juu ya ubao. Neno hili lilinibadilishia mawazo kuliko mengine yote. Fundi anachoma vyuma, lakini mpangilio wa ndani unaamuliwa na verseman.

3. Mlango unaofungukia barabarani

Jambo la pili lililotugombanisha ni mlango. Japani wanaendesha upande wa kushoto, na vilevile Uganda, Kenya na Tanzania. Sisi Congo tunaendesha upande wa kuume. Gari ya Japani ina usukani kuume na mlango wa kusukuma kushoto. Kule kwao mlango unafungukia pembeni ya njia. Hapa kwetu unafungukia katikati ya barabara, pale pikipiki zinapita. Simama kidogo kwenye boulevard ya Libération uangalie mama mwenye mtoto mgongoni anavyoshuka, utaelewa.

Wenye gari wanagawanyika tena. Wengine wanasema usukani wa kuume ni bei nzuri na spea zinapatikana upesi Kampala, abiria wajifunze kuangalia. Wengine wanatafuta gari yenye milango miwili ya kusukuma, kushoto na kuume, ambayo ipo kati ya zile za mizigo, wanatumia wa kuume tu na kufunga ule wa kushoto kwa viti. Wengine wanalipa zaidi kwa usukani wa kushoto. Kukata mlango mpya kwenye ukuta, mafundi wawili waliniambia inawezekana, lakini wote wawili walisema wao wenyewe hawangeipanda gari hiyo. Ukuta ule ni mfupa wa gari.

4. Na ile Hiace mpya?

Mwaka 2019 Toyota ilitoa muundo mwingine. Katika ule wa 2004, injini iko chini ya viti vya mbele: ikichemka, abiria wa mbele wanashuka, kiti kinanyanyuliwa, na joto lote umeshalipata kwenye mapaja. Katika ule mpya, injini imehamia mbele, kwenye pua. Upana umefika mita 1.95, na urefu ni mita 5.265 ao 5.915.

Ungefikiri wote wanaipenda. Sivyo. Wanaoisifu wanasema shofere na wa mbele hawachomwi tena, na wakigongana, kuna chuma mbele ya magoti yao. Wanaoikataa wanasema sehemu ya urefu huo imeenda puani, hakuna tajiri anayelipa nauli ya pua! Tena gari ndefu inasumbua kugeuka kwenye njia nyembamba. Japani kwenyewe waliendelea kuuza ule muundo wa zamani. Hapa mjini naziona chache, na kwa feza yetu haikuwa hata swali.

5. Wengine walipitia humu

Nairobi nao walikuwa na ugomvi huu. Waziri John Michuki aliweka kanuni zilizoanza kutumika Februari 2004: matatu iliyobeba 18 ibebe 14, kila kiti na mkanda, mwendo usipite kilometa 80 kwa saa, mstari wa manjano ubavuni. Siku za kwanza magari yalipungua njiani, nauli ikapanda, watu wakatembea kwa mguu. Lakini 14 ikawa kawaida. Angalia sababu: kanuni iliwafunga wote siku moja. Mwenye 14 hakubaki peke yake akishindana na mwenye 18.

Kinshasa walikuwa na Mercedes 207, gari za mizigo kutoka Ulaya, zilizokatwa madirisha na kuwekwa viti vya mbao. Watu wenyewe waliziita "esprit de mort". Serikali ilipoleta mpango wa mabasi madogo mapya, iliuita "Esprit de vie". Jina la kwanza lilitoka kwa abiria, na lilisema yote.

6. Kwa nini sinyamazi

Niseme sasa ninachokijua kwa mwili wangu. Wakati wa masomo nilisafiri kwenye kiti cha kukunja, mstari wa pili, mvua ikinyesha. Gari iliteleza ikalala upande wa mlango, mlango ukiwa chini, kwenye matope. Haikuwa ajali kubwa. Lakini viti vya kukunja vilikwama, na sisi wa katikati tukawa kifuniko cha wale wa nyuma. Harufu ya mafuta ilikuwa inaingia. Tulitoka mmoja mmoja kwa dirisha la nyuma lililovunjwa kwa jiwe. Hakuna aliyekufa, mama mmoja alivunjika mkono. Dakika zile nilikuwa natamani kitu kimoja tu: zile sentimeta 32.

Kwa hiyo nilirudi kwenye kikao na neno hili. Kila mpangilio wa viti ni mpango wa kugawa mzigo: nani atalipa hasara ya njia mbaya. Ukiweka 18, analipa abiria kwa magoti yake, na siku mbaya kwa mifupa yake. Ukiweka 14 na kuacha verseman ya 18, analipa shofere. Ukiweka 14 na kushusha verseman, analipa mwenye gari. Na sisi tisa ndio wenye gari.

Nilipendekeza mambo manne. Moja, viti 14, katikati wazi, bila kiti cha kukunja hata kimoja. Mbili, viti vifungwe kwa bulo zinazopita sakafu, na bamba la chuma chini yake, visichomwe tu juu ya bati. Tatu, tutafute gari yenye mlango wa kuume, hata kama tutangoja. Nne, verseman ihesabiwe juu ya abiria 12, ili shofere akipata 14 abakize kitu chake.

Tulipiga kura: watano kwa wanne. Kwa hesabu yetu, feza itachelewa kurudi zaidi ya mwaka mmoja. Mwenzetu mmoja aliomba sehemu yake, akatoka. Simlaumu, ana watoto wawili, na mwaka mmoja kwake si mchezo. Lakini sehemu yake imeacha shimo, na gari bado hatujainunua.

Wasomi wenzangu, mkiwa na kundi kama letu, msianze na swali "viti vingapi?" Anzeni na "verseman kiasi gani?" Viti vitafuata. Na siku utakapopanda, kabla ya kulipa, angalia kwanza katikati: je, mtu wa nyuma anaweza kutoka bila kukuomba usimame?