Sindano Inapowasha Ngozi

Kijana wa Mlalo au Soni, katika milima ya Usambara, ambaye kongosho lake halitoi insulini, hana budi kudungwa dawa hiyo kila siku. Mahali pa sindano panapovimba na kuwasha, hushawishika kuiacha. Hapo ndipo penye hatari: muwasho huo kwa kawaida haumuui mtu, lakini kukosa insulini kwa siku chache tu kwaweza kumuua.

Tatizo hili lina umri sawa na dawa yenyewe. Tarehe 11 Januari 1922, mjini Toronto, Leonard Thompson, mwenye umri wa miaka 14, alidungwa majimaji yaliyotolewa katika kongosho la ng'ombe. Sukari ilipungua kidogo, na mahali pa sindano pakafanya jipu. Mkemia James Collip aliyasafisha majimaji hayo, na tarehe 23 kijana akadungwa tena, safari hii kwa mafanikio. Ubaya ulikuwa katika uchafu wa dawa.

Insulini ya siku hizi ni safi mno, na mzio wake ni nadra. Hata hivyo, ndani ya chupa mna pia metakresoli ya kuzuia vijidudu, zinki, na katika baadhi ya aina, protamini. Kisha iko sindano yenyewe. Chuma kisichoshika kutu aghalabu huwa na kromiamu asilimia 18 hivi na nikeli asilimia 8 hivi, na sindano hupakwa silikoni ili iteleze.

Nikeli ikiyeyuka kidogo katika jasho hujishikiza kwenye protini za ngozi. Chembe nyeupe za damu za mtu mwenye mzio huitambua kama adui, lakini hukusanyika polepole. Upele hutokea baada ya siku moja au mbili. Mzio wa insulini yenyewe mara nyingi huvimbisha ngozi katika dakika chache. Kwa hiyo saa ya ukutani nayo ni chombo cha uchunguzi!

Lakini nikeli isishukiwe upesi. Hereni hukaa sikioni kutwa. Sindano ya kalamu ya insulini hukaa mwilini sekunde 10 hivi. Ni haki kuishuku kwa mtu ambaye hereni za bei nafuu humtia vidonda, au bizimu ya mshipi humwachia upele kitovuni. Kwa wengine, mkosaji huwa karibu zaidi: sindano butu iliyotumiwa mara nyingi, spiriti isiyokauka, kudunga mahali pale pale, au dawa iliyotoka kwenye barafu sasa hivi. Lushoto, kwenye mwinuko wa mita 1,400 hivi, chupa inayotumika yaweza kuwekwa kivulini ndani ya chungu; Mombo, bondeni kwenye joto, uangalifu mkubwa zaidi wahitajika.

Daktari hubadili jambo moja kwa wakati mmoja. Kwanza hutoa sindano ya aina nyingine, insulini ikibaki ile ile. Muwasho ukiendelea, hurudisha sindano ya awali na kubadili insulini. Muda wote huo mgonjwa hakosi hata dozi moja.