Antena za kioo: Madini ya fedha yataleta nini Maganzo?

MAGANZO. Mji huu unaishi kwa almasi ya Mwadui, lakini mwenye mtaji hapa huangalia pia dhahabu ya Kahama na Geita. Ndani ya dhahabu hiyo kwa kawaida mna madini ya fedha, na fedha ndiyo malighafi kuu ya wino wa kuchapia antena zinazopitisha mwanga.

Wino huo ni chembe ndogo sana za fedha ndani ya kimiminika. Huchapwa juu ya plastiki au kioo kwa fremu yenye kitambaa cha wavu, kama fulana zinavyochapwa, kisha hupashwa moto ili chembe zigusane na kupitisha umeme. Mistari ikiwa myembamba kuliko unywele, mwanga hupita katikati yake na jicho halioni antena. Mwaka 2018 kampuni mbili za Japani, AGC na NTT DOCOMO, zilitangaza antena ya simu ya kubandikwa kwenye kioo cha dirisha bila kuziba mandhari.

Je, bei ya fedha itapanda kwa sababu hiyo? Mwekezaji asiharakie. Antena isiyoonekana hutumia fedha kidogo. Wino ukiongezwa mawimbi hunaswa vizuri zaidi, lakini kioo huingia giza. Mteja mkubwa zaidi ni viwanda vya paneli za jua: ile mistari myembamba juu ya paneli ni fedha iliyochapwa. Navyo bei ikizidi, hupunguza fedha au hugeukia shaba.

Faida ya karibu iko kwenye mizani. Tuseme gramu 1,000 za dhahabu ghafi zina asilimia 10 ya fedha. Hizo ni gramu 100, yaani aunsi 3.2. Kwa bei ya mfano ya dola 30 kwa aunsi, ni dola 96 kabla ya gharama za kusafisha. Mwenye gramu 50 hapati hata dola 5, lakini anayekusanya mzigo wa wengi ana hesabu ya kufanya.

Mzozo wa makinikia wa mwaka 2017 uliwafundisha Watanzania kuuliza kontena lina nini zaidi ya dhahabu. Mfanyabiashara mdogo naye aulize kabla ya kuuza: kipimo kinaonyesha fedha asilimia ngapi, na je, inalipwa?